Soko lenye mwenyewe si soko huria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba serikali zinazozibana kampuni kubwa za teknolojia zinaadhibu mafanikio. Hoja yake ilikuwa na nguvu: hakuna aliyelazimishwa kutumia Google wala kununua simu ya Apple, watu walichagua wenyewe, na aliyependwa na wengi hana kosa la kujibu. Hadi hapo tuko pamoja. Hata sheria ya Sherman ya mwaka 1890 ya kupambana na uhodhi, yaani mmoja kulishika soko peke yake, ambayo kesi nyingi za Marekani za namna hii zimejengwa juu yake, haimwadhibu mtu kwa kuwa mkubwa. Inamwadhibu anayeutumia ukubwa wake kuwazibia wengine njia. Tunaachana pale anapodhani kwamba serikali ikikaa kando, kinachobaki sokoni ni uhuru.

Mara nyingi kinachobaki ni serikali ya pili, na hii haipigiwi kura. Mtu anayetengeneza programu za iPhone kwa miaka mingi alikuwa na njia moja tu ya kuzifikisha kwenye simu ya mteja, nayo ni duka la Apple. Akiuza humo bidhaa ya kidijitali hukatwa kamisheni ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 30. Programu yake hukaguliwa na Apple, ikionekana ina dosari hukataliwa na Apple, na akikata rufaa husikilizwa na Apple. Hakuruhusiwa hata kumdokeza mteja, ndani ya programu aliyoiunda mwenyewe, kwamba kwenye tovuti bei ni nafuu, mpaka mahakama na wadhibiti walipoanza kuingilia. Wakati huohuo Apple nayo inauza huduma yake ya muziki dukani humohumo, ikishindana na Spotify anayepaswa kufuata masharti yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tozo, ukaguzi, adhabu, rufaa: kama huo si udhibiti, sijui udhibiti ni nini. Tofauti ni kwamba waziri akikuudhi unaweza kumsubiri kwenye uchaguzi.

Najua jibu lake: asiyependa aende Android. Mteja anaweza kwenda, ingawa simu hainunuliwi kila mwezi. Mtengenezaji hawezi, kwa sababu wateja wake tayari wako huko waliko, na yeye hana la kufanya ila kuwafuata.

Na hilo la kwamba watu walichagua Google wenyewe limeshachunguzwa mahakamani. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imevunja sheria katika kulinda uhodhi wake wa utafutaji. Hakuidharau injini yenyewe ya utafutaji. Alikiri kwamba ni bora. Lakini ushahidi ulionyesha kuwa mwaka 2021 peke yake Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu na vivinjari, pamoja na kampuni za mawasiliano, ili injini yake iwe ndiyo mtu anayoikuta tayari. Sioni mfanyabiashara makini akitoa fedha kiasi hicho kununua chaguo ambalo watu wangelifanya bure. Zilinunua kitu kingine, yaani uhakika kwamba watu wengi hawatafikia hatua ya kuchagua.

Sasa nije kwenye dai lake kubwa, kwamba udhibiti huua ubunifu. Kwa miongo kadhaa AT&T ilishikilia sehemu kubwa ya mtandao wa simu wa Marekani, na hata chombo cha simu kilichokaa mezani kwako kilikuwa mali yake, wewe ulikikodi tu. Kukiunganisha na kitu cha mtu mwingine kulikatazwa. Katazo hilo lilifika mbali: kulikuwa na kampuni ndogo iliyouza kikombe cha kuvalisha mdomo wa simu ili walio karibu wasisikie unachosema, nayo ilihangaika kwa miaka hadi mahakama ya rufaa ilipoipa haki yake mwaka 1956. Kikombe, Mhariri! Hakikuwa na waya wala umeme.

Kisha akaja Thomas Carter wa Texas na kifaa cha kuunganisha redio za mawasiliano na simu, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mbali na nyaya. AT&T ikadai kwamba vifaa vya wageni vitahatarisha mtandao mzima. Juni 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaamua kwamba kifaa kisichodhuru mtandao kiruhusiwe kuunganishwa. Siku hiyo AT&T haikuvunjwa, haikupangiwa bei, haikunyang'anywa nguzo hata moja. Ilichoambiwa ni kuacha kuzuia. Waliopita katika upenyo huo ni watengenezaji wa mashine za kupokea ujumbe, wa faksi, na wa modemu (vifaa vya kuiwezesha kompyuta kuwasiliana kwa simu) zilizochomekwa moja kwa moja kwenye laini za kawaida za simu. Ni kwa modemu hizo mamilioni ya watu waliingia kwenye intaneti miaka ya 1990, na waliozitengeneza hawakumpigia magoti mwenye nyaya.

Hoja ile ya AT&T bado ina afya njema; siku hizi inaitwa usalama wa mtumiaji. Sisemi usalama ni kisingizio kitupu, maana matapeli wa mtandaoni wapo na wanaumiza watu. Nasema anayepima hatari ya kifaa cha mshindani asiwe mshindani mwenyewe. Marekani ya miaka ya 1970 ilimaliza jambo hilo kwa kuweka viwango vya kiufundi na utaratibu wa kusajili vifaa. Aliyetimiza viwango akaunganishwa.

Hapa nimpe msomaji mwenzangu haki yake, kwa kuwa historia hiyohiyo inamsaidia na yeye. Kikombe kile kilikatazwa kwa baraka za FCC yenyewe, kabla mahakama haijaitengua. Uhodhi wa AT&T ulilelewa na serikali kwa muda mrefu. Mdhibiti akikaa sana na anayemdhibiti huanza kuona dunia kwa macho yake. Pia huchelewa: kesi ya serikali dhidi ya IBM ilifunguliwa mwaka 1969 ikaja kufutwa mwaka 1982, wakati kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeshaanza kubadilisha soko lililokuwa likibishaniwa. Na kanuni nene humlemea mdogo. Mkubwa ana wanasheria wa kila aina. Kampuni ya watu watatu ina mmoja wa kukopa.

Ndiyo maana naona Umoja wa Ulaya, pamoja na urasimu wake wote, umepatia jambo moja katika sheria yake ya masoko ya kidijitali iliyoanza kuzibana kampuni Machi 2024. Haimgusi kila mtu. Vigezo vyake vinaanzia kwenye watumiaji milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja, pamoja na mauzo ya mwaka ya euro bilioni 7.5 au thamani ya kampuni ya euro bilioni 75. Chipukizi hawana haja hata ya kuisoma. Waliotajwa mwanzoni walikuwa sita tu: Alphabet (mmiliki wa Google), Amazon, Apple, ByteDance (ya TikTok), Meta (mmiliki wa Facebook) na Microsoft. Wanaambiwa wasizipendelee bidhaa zao katika matokeo ya utafutaji, wamwachie mtumiaji ahame na data zake, waruhusu maduka mengine ya programu. Hayo ni masharti ya kufungua mlango, na mpenda biashara huria angepaswa kuwa wa kwanza kuyapigia makofi. Faini zinanivutia kidogo. Apple ilitozwa euro milioni 500 Aprili 2025; kwa kampuni ambayo mauzo yake ya mwaka yamepita dola bilioni 400, hiyo ni gharama ya kuendesha ofisi.

Penye kuhitaji ukali zaidi ni kwenye ununuzi. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni moja, kisha WhatsApp mwaka 2014 kwa dola zipatazo bilioni 19, na wadhibiti wa Marekani waliziacha zote mbili zipite. Mwaka 2020 wakarudi mahakamani kutaka kuzitenganisha. Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaikataa kesi yao, akisema soko limebadilika na sasa Meta inashindana na TikTok na YouTube. Huenda yuko sahihi kuhusu soko la leo. Lakini hakuna mahakama inayoweza kuturudishia Instagram ambayo ingekua peke yake na kumkosesha Facebook usingizi.

Sasa macho yako kwenye akili mnemba, ambako kampuni zilezile zinaingiza mabilioni katika kampuni changa na kuweka programu zao saidizi kwenye simu na kompyuta kabla mtu hajaifungua boksi. Septemba 2025 Jaji Mehta alikataa kuilazimisha Google iuze kivinjari cha Chrome, lakini akaipiga marufuku kufunga mikataba ya kumtenga mshindani, na katika katazo hilo akaijumuisha programu yake ya akili mnemba, Gemini. Wapo waliosema amekuwa mpole mno. Mimi nadhani sehemu hiyo ya hukumu ina uzito kuliko ile ya Chrome iliyopewa vichwa vyote vya habari, kwa sababu inazuia mkataba ambao bado haujazoeleka badala ya kuja kuuvunja baada ya miaka kumi. Ningependa kumsikia msomaji mwenzangu akieleza ni mfanyabiashara gani huru aliyeumizwa na katazo hilo.

Msomaji wako wa siku nyingi