Ndugu Mkurugenzi, tupe chumba kimoja kila kata

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha,

YAH: OMBI LA VYUMBA VYA KUSOMEA KATIKA KATA

Ndugu Mkurugenzi, salaam.

Mimi ni mkazi wa Muriet na nina ombi moja. Halmashauri itenge chumba kimoja katika kila kata kiwe maktaba, kifunguliwe alasiri na Jumamosi, na awepo mtu anayelipwa kukitunza. Sisemi lijengwe jengo jipya. Chumba chenye mlango, taa na rafu kinatosha kuanzia.

Najua nitajibiwa kwamba maktaba ni kazi ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwamba maktaba ya mkoa ipo. Ipo kweli, ila iko mjini. Mtoto wa Muriet, Olasiti au Terrat anahitaji nauli ya kifodi kwenda na kurudi, na mzazi akiipata hela hiyo anaipeleka kwenye unga. Jina la Arusha limo katika kila kitabu cha historia ya nchi hii kwa ajili ya Azimio la 1967. Kitabu chenyewe mtoto wa huku atakishika wapi?

Jumamosi huwa tunakusanya watoto kibarazani kwa jirani, tunasomeana. Kuna binti wa darasa la nne aliacha kusoma katikati, akauliza kwa nini meno yake ni ya kahawia na ya binamu zake wa Tanga ni meupe. Nyumbani ameambiwa hapigi mswaki vizuri. Masikini, hana kosa. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano kuuzunguka Mlima Meru hubeba madini mengi ya floraidi, na meno huharibika yakiwa bado ndani ya fizi, kabla hayajaota. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu vinakipita. Kina mama tunachemsha maji tukidhani tumemaliza kazi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya utafiti wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Ngurdoto si mbali, lakini hadi leo sijaona hata kijitabu kimoja cha habari hizo mtaani kwetu.

Ndiyo maana nasema elimu ya mazingira isiwe ya kupanda miti siku ya ugeni rasmi tu. Ianze na maji ya kunywa, kisha iende kwenye makorongo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini pampasi na chupa bado zinatupwa korongoni, na masika yakifika maji yanakosa pa kupita. Sote tunakumbuka Aprili 2024, gari la shule liliposombwa na mafuriko hapa jijini na watoto wakapoteza maisha. Sisemi taka ndizo zilizowaua. Nasema mtoto anatakiwa ajue maji ya korongo yanatoka wapi, yanajaa kwa kasi gani, na kwa nini hayavukwi.

Kuna na wageni wetu. Arusha inalindwa usiku na vijana wa Kimaasai kutoka Longido, Simanjiro na Ngorongoro, na inapikiwa na mabinti kutoka Singida na Mbulu. Wengi walikua wakizungumza lugha za kwao, na wengine shule hawakumaliza. Mlinzi wa nyumba ya pili huniletea simu yake: “Yeyo,” yaani mama kwa Kimaasai, “nisomee hapa.” Ni ujumbe wa muamala, hela ya mshahara imeingia. Akishasomewa huenda kutoa, na namba ya siri anamtajia mwenye kibanda ambonyezee. Kijana anayekesha akilinda mali za watu, yake mwenyewe haina kufuli.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kuzunguka redio na vijitabu, na walipoinuka walikwenda kuchimba vyoo. Tuliweza na hela kidogo kuliko leo. Chumba ninachokiomba kingefuata mtindo huo. Mlinzi hulala asubuhi, kwa hiyo saa nane hadi kumi kingekuwa chake na cha dada wa kazi anayeruhusiwa kutoka. Watoto wakitoka shule wanapokea zamu.

Kuhusu fedha, tunajenga uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Sina ugomvi nao, nami nitakwenda kushangilia. Ila nchi inayoweza hilo haishindwi na rafu za mbao. Chuo cha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, kipo Bagamoyo na kinatoa wahitimu. Ajira moja kwa kata, hata ya mkataba, ingetuvusha.

Mabenchi tutachonga wenyewe, na vitabu vya kuanzia tutachangishana. Kwako tunaomba ufunguo na mshahara wa mtu mmoja, viingie kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Ukipendekeza Muriet iwe ya majaribio, hatutakataa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Muriet, Arusha