Mdogo wangu amekubali kunipa figo, lakini sina hakika kama amekubali kwa moyo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41 na watoto wawili. Kwetu ni Manyoni, ila kwa sasa naishi Dodoma kwa kaka yangu, kwa sababu figo zangu zote mbili zimeshindwa kazi na mashine ya kusafisha damu iko huku. Naomba usitaje jina langu wala la mdogo wangu, maana haya ninayokuandikia hata mama yetu hajayasikia.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa ufupi. Chanzo ni presha. Ilikaa mwilini miaka mingi bila kuniumiza kichwa wala kunipa kizunguzungu, na figo nazo ndivyo zilivyo, huvumilia mpaka zibaki na nguvu kidogo sana ndipo dalili zitokee. Miguu ilianza kuvimba, chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni, nikawa nahema hata nikiandika ubaoni. Nilipopimwa kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, daktari akasema nimeshafika hatua ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho: figo zinachuja chini ya asilimia 15 ya inavyotakiwa.

Tangu hapo wiki yangu inapangwa na mashine. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Mwanzoni nilikuwa na mpira shingoni, sasa natumia fistula, yaani walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mshipa wa ateri na wa vena ili damu ipite kwa kasi ya kutosha. Ukiweka kidole hapo unasikia mtetemo. Mkono huo haupimwi presha, hauchomwi sindano ya ugonjwa mwingine, na sibebei ndoo. Mwanangu wa pili hupenda kuulazia sikio asikie unavyovuma.

Kinachonitesa zaidi ni kiu. Naruhusiwa nusu lita kwa siku na nyongeza kidogo kufuatana na mkojo ninaopata, na humo mna chai, uji na mchuzi. Kwa jua la Dodoma, Shangazi, hiyo ni adhabu. Nikizidisha, maji yanajaa mapafuni, na siku ya mashine yakivutwa kwa wingi misuli ya miguu inakaza mpaka nalia mbele za watu. Ndizi, parachichi, machungwa na madafu nimeviacha kwa sababu ya potasiamu, ambayo ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Wifi yangu, Mungu ambariki, anachemsha viazi na mboga za majani, anamwaga maji ya kwanza, ndipo anapika, na nyumba nzima inakula hivyo hivyo bila kununa.

Namshukuru Mungu kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, kadi ya bima ya NHIF inalipia mashine. Kitanda cha pembeni yangu huja mzee mmoja mfugaji asiye na bima. Alianza kwa kuja mara tatu kwa wiki, ikawa mbili, sasa akiuza ng'ombe ndipo tunamwona, na kila akija amevimba uso. Sijui kwa nini nimekuandikia habari zake, ila siwezi kuzungumzia figo bila kumkumbuka.

Sasa nije kwenye tatizo langu.

Daktari alinishauri nifikirie kupandikizwa figo. Zamani ilikuwa lazima mtu apelekwe India, lakini Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma nayo ikaanza, wakisaidiwa na madaktari wa Japani. Figo inatoka kwa ndugu aliye hai, mwenye afya, anayetoa kwa hiari. Si ya kununua. Atapimwa kundi la damu, atapimwa kama tishu zetu zinapatana, figo zake zote mbili, moyo, sukari, presha, homa ya ini, na mengine mengi. Kaka yangu alijitolea wa kwanza, wakamkuta naye ana presha, wakamkataa palepale. Dada yangu anayenifuata ana kisukari. Mama umri umekwenda. Akabaki kitinda mimba wetu, ana miaka 26, kundi lake ni O kama mimi, hajawahi hata kulazwa.

Baba mdogo akaitisha kikao Manyoni. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti maana mkekani siwezi kuinuka. Wakaongea wazee, wakaongea shangazi zetu, mama akalia. Kisha baba mdogo akamgeukia mdogo wangu akasema, "Dada yako ndiye aliyekusomesha. Unasemaje?" Mdogo wangu alikuwa anachezea pindo la khanga, analisokota na kulisokotoa. Akajibu, "Nitatoa." Hakuniangalia. Watu wakapiga vigelegele, mama akamkumbatia, kikao kikafungwa kwa sala. Hakuna aliyemuuliza tena.

Ni kweli nilimlipia ada, kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo. Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado mtoto, na mimi nilikuwa na mshahara. Sikumsomesha ili aje anilipe, na sasa kila nikisikia mtu anaitaja ile ada natamani ardhi ipasuke. Mama anasema, "Damu ni ile ile, ulimpa naye anakupa." Mimi naona ada na figo havilingani hata kidogo.

Tangu kikao kile amepangiwa tarehe ya vipimo, hakufika. Mara ya kwanza alisema amekosa basi. Mara ya pili alisema ana malaria. Lakini jioni ile ile ya malaria alinitumia ujumbe, "Dada usiwaze, mimi nipo, tutafanya." Alipokuja kuniona hospitali wakati nipo kwenye mashine, nilijifanya nimesinzia nikamsikia anamuuliza nesi kwa sauti ya chini kovu linakaa sehemu gani, na kama mwanamke aliyetoa figo anaweza kubeba mimba. Nesi akamwambia amuulize daktari.

Hilo la mimba ndilo linaloninyima usingizi, maana amechumbiwa. Posa imepokelewa na sehemu ya mahari imeshatolewa, harusi ilikuwa iwe baada ya mavuno. Nilimuuliza daktari mwenyewe, bila kumwambia mtu. Akanieleza kuwa mtu anaishi vizuri kwa figo moja, ile inayobaki hukua kidogo na kuongeza kazi, na wanawake wengi wametoa figo kisha wakazaa salama. Ila akaniambia ukweli kuwa hatari ya kupata presha ya ujauzito na kifafa cha mimba inaongezeka, kwa hiyo mimba itahitaji kuangaliwa kwa karibu sana na kujifungulia hospitali kubwa. Ndiyo maana mahali pengi hupendelea mwanamke ambaye ameshamaliza kuzaa. Mchumba wake hajaambiwa chochote. Mama anasema tusimwambie mpaka ndoa ipite, watu wa kule wasije wakarudisha posa. Hilo silikubali hata kidogo. Kijana huyo atakuja kuliona kovu, na atajua kwamba ukoo mzima ulimficha.

Daktari aliniambia jambo jingine ambalo nimelibeba kifuani. Kila anayetaka kutoa figo huitwa peke yake, anaongea na daktari na afisa ustawi wa jamii bila ndugu kuwepo, na akisema hataki, familia itaambiwa tu kwamba hafai kutoa. Sababu haitajwi. Niliposikia hivyo nilipata nafuu, halafu nikaogopa, kwa sababu mimi ndiye ninayemjua mdogo wangu. Amelelewa kutomkatalia mkubwa. Akikaa mbele ya daktari aliyevaa koti jeupe atasema ndiyo, kama alivyosema mbele ya baba mdogo.

Shangazi, nakuandikia ukweli wote: naitaka figo ile. Sitaki kujidanganya wala kukudanganya. Nataka kunywa glasi ya maji mpaka chini. Nataka kurudi darasani Jumatatu, nataka kumwona mwanangu wa kwanza akimaliza kidato cha nne. Najua nikipandikizwa nitameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo kila siku ya maisha yangu, na najua figo ya kupandikizwa nayo huchoka baada ya miaka, lakini ni maisha mengine kabisa na haya ya mashine. Ndiyo maana naogopa kuongea naye. Nikimwambia "una haki ya kukataa", je, nitasema kwa namna ambayo ataamini, au atasikia tu dada mgonjwa anayeomba kwa adabu? Na nikimwambia "sitaki figo yako", itakuwa uongo, na yeye ataujua, na labda atajitupa kutoa kwa uchungu zaidi.

Nimewaza nimtumie wifi aongee naye, kwa kuwa wanapatana na ni watu wa rika karibu. Nimewaza pia nimwambie asubiri, aolewe, azae kwanza, mimi niendelee na mashine miaka hiyo. Wapo wanaoishi na mashine miaka mingi, nawaona wodini. Wapo pia niliowazoea ambao vitanda vyao sasa vina watu wengine, na watoto wangu bado wadogo.

Nisaidie njia ya kumuuliza ili jibu liwe lake. Nianze na yeye, au nianze na mama, ambaye nikimgusa kwa hili ataniona nakataa uhai? Na mchumba je, nani amwambie, mdogo wangu mwenyewe au kaka kama mwakilishi wa ukoo? Tarehe mpya ya vipimo ni mwezi ujao na safari hii kaka amesema atamfuata mwenyewe Manyoni kwa gari, kwa hiyo muda sina mwingi.

Kama kuna msomaji wa safu yako, mwanamke aliyetoa figo kabla ya kuzaa, namwomba aniandikie kupitia kwako jinsi ilivyokuwa kwake, ya kheri na ya shari, asinifiche. Nitampa mdogo wangu barua hiyo aisome mwenyewe kabla ya kaka hajafika.

Ni mimi mwanao,
Mwalimu, Dodoma