Mjomba, fidla iteremke kabatini

Shikamoo Mjomba,

Kutoka Pasua hadi kwako Majengo si safari ya kuandikiana barua. Lakini kila nikigusia habari ya fidla yako pale barazani, unaniuliza watoto wanaendeleaje na shule, kahawa inamiminwa, na maneno yanaishia hapo. Ndiyo maana naandika hapa hadharani. Najua Majengo hapakosi wa kukufikishia kabla ya magharibi.

Mwezi uliopita, usiku wa mvua, nilikuwa nafunga kibanda changu cha fotokopi huku simu inaniimbia taarabu ya zamani. Wimbo ulipokwisha, simu ikaendelea yenyewe, ikaleta mzee wa Kizungu, nywele timtim, fidla begani. Nikanyoosha mkono nizime. Mjomba, nilikaa kwenye kile kibanda mpaka saa tano, mlango nusu umefungwa, maji yanapita mtaroni.

Mzee huyo ni Dave Swarbrick, Mwingereza, mzaliwa wa 1941. Hapigi kama wale wa okestra kubwa wanaofuata karatasi. Sauti anaianzia chini kidogo ya mahali pake, halafu anaivuta mpaka ikae. Nilipoisikia nikakuona wewe, jicho moja umefumba, unamngoja mwimbaji amalize beti ili umjibu.

Kisha akaweka upinde chini, akashika mandolini. Hapa ndipo nilipotaka uwe karibu nami. Fidla na mandolini zinakazwa kwa sauti zilezile, G, D, A, E, kuanzia uzi mnene, ila mandolini kila uzi una pacha wake, kwa hiyo ziko 8, na shingo yake imepangwa vyuma vya kugawa sauti. Mkono wa kushoto uliolelewa na fidla unaikuta njia inayoijua. Kazi iko kwa mkono wa kulia: hakuna singa za upinde za kuivuta sauti, ukidonoa inakufa hapohapo, basi unadonoa haraka haraka mpaka matone yawe kijito. Yeye aliyafanya yote mawili kana kwamba ni mkono mmoja.

Nikatafuta habari zake. Alifundishwa fidla utotoni, kisha ujana ukamjia, akaitupa akashika gitaa. Aliyemrudisha ni mama mmoja mpiga piano, Beryl Marriott. Alipogundua kwamba kijana huyu aliwahi kupiga fidla, hakumwacha mpaka akaishika tena. Mwaka 1969 akajiunga na Fairport Convention, bendi iliyochukua nyimbo za zamani za vijijini kwao ikazipiga kwa gitaa la umeme na dramu. Hapa soma polepole, Mjomba. Umeme ulipokuja kwao, fidla haikuambiwa ipishe. Iliunganishwa na spika ikawekwa mbele.

Kwako ilikuwa vingine. Nilikuwa darasa la sita kikundi chenu kiliponunua kinanda, na mtu mmoja akakwambia, mbele ya watu, arusini, kwamba sauti ya fidla sasa iko humo ndani, inatosha kubonyeza kitufe. Ulirudi nyumbani mapema. Mkaza mjomba akaivisha fidla kanga yake ya zamani, ikapandishwa juu ya kabati. Sijasahau, na sijakubali mpaka leo. Kinanda hakijui kumngoja mwimbaji.

Unasema umezeeka na kifua kinakubana. Swarbrick mapafu yalimharibika kabisa. Aprili 1999 gazeti la Daily Telegraph liliandika tanzia yake naye yuko hai, kitandani hospitalini Coventry. Akapona, akawa anauza nakala za tanzia hiyo kwenye maonyesho yake, ametia saini. Mwaka 2004 akapandikizwa mapafu yote mawili, akarudi jukwaani. Zile nyimbo nilizozisikia usiku ule wa mvua, nyingine alizipiga baada ya hapo, na mkono haukusitasita. Alifariki Juni 2016, ana miaka 75. Wewe hujafika huko.

Ulikuwa ukiniachia nipake ulimbo, ile gundi kavu ya mti, kwenye singa za upinde ili zishike nyuzi. Unga wake mweupe ulianguka juu ya ubao mweusi wa fidla, nawe ukanikataza kuufuta kwa kiganja, ukanipa kitambaa laini. Harufu ile nikiikumbuka nakuwa na miaka minane.

Nyuzi nimeagiza Dar, zimefika juzi kwa basi, seti mbili, maana najua wa kwanza kukatika ni ule mwembamba. Ulimbo nao nimepata. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa kwako. Usipande kiti, nitaiteremsha mwenyewe. Wewe tafuta miwani tu, na umwambie mkaza mjomba kahawa isubiri kwanza.

Mpwa wako,
Pasua, Moshi