Kiti cha Mama Mdogo

Jang'ombe, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Wa baada ya salamu, sisi huku wazima, alhamdulillah, na watoto wanakuamkia. Halua ilifika salama, ikaliwa siku ileile, na mimi nikanyamaza kimya hata shukrani sikukuletea. Niwie radhi. Nilikuwa na jambo limenijaa kifuani, na simu sikuitaka kwa sababu lina vipimo, na vipimo vikisemwa kwa simu hupotea njiani. Basi kaa kitako na uchukue kalamu.

Ni mgongo wa Mama Mdogo.

Unamjua, hasemi. Mwezi uliopita niliingia kwake baada ya alasiri, nikamkuta amelala chali kwenye mkeka pale ukumbini. Cherehani iko wazi, suruali ya skuli bado imebanwa chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa na mwengine haujashonwa. "Napumzika tu, mwanangu." Kumbe ndivyo anavyofanya siku zote: akimaliza mguu mmoja hushuka chini kulala, ndipo apate nguvu ya kushona wa pili. Kiuno kinamkata, siku nyengine maumivu yanashuka mpaka nyongani. Nikamkokota kwa daktari. Alimgonga magoti, akamwinua miguu mmoja mmoja, akasema haoni baya, ila asilale kutwa, atembeetembee, na sisi tutazame anavyokaa kazini. Akatuonya kuwa mguu ukifa ganzi au ukilegea, au mkojo ukaanza kumsumbua, turudi papo hapo.

Tutazame anavyokaa. Mimi badala ya kutazama nikakimbilia kununua. Nilitoa shilingi 180,000, shoga, kiti cha ofisi cha mtumba, kina magurudumu, kina mikono, kinapanda na kushuka, mgongo wake mrefu mpaka kichwani. Nilipokiona nikasema hiki ndicho. Nikampandishia kwenye bajaji na majirani wakatoka kutazama.

Sasa fikiria cherehani yake ile ya miguu. Akikanyaga pedeli, kiti kinarudi nyuma. Anakivuta, anakanyaga, kinarudi. Alijishikilia kwa mkono wa kushoto kwenye meza na kushona kwa wa kulia, fundi wa miaka yote hii! Na ile mikono ya kiti ikawa inagonga meza, asiweze kusogea karibu, akazidi kuinama. Sponji nalo laini, linazama, kiuno kinabonyea kama mfuko. Alikaa siku nne asiseme neno ili nisivunjike moyo. Siku ya tano nikamkuta amerudi mkekani. Nililia.

Ndipo nikafanya alilosema daktari. Nilikaa kwenye kizingiti asubuhi nzima nikimtazama tu. Kile kiti chake cha zamani cha plastiki kimelalia nyuma, si unavijua viti vile, vya kukalia barazani kwa mazungumzo. Akiegemea hafiki kwenye sindano, na akifika kwenye sindano mgongo hauna pa kuegemea. Kwa hiyo hukaa ukingoni, mabega yamepanda, shingo mbele, saa tatu mfululizo. Na meza ya cherehani ya miguu haipandi wala haishuki. Kiti ndicho cha kuifuata meza, na cha kumfuata yeye, maana mfupi. Kikiwa chini, viwiko vinabaki chini ya meza na mabega yanabeba kazi yote. Kikiwa juu mno, visigino haviikalii pedeli.

Nikachukua futi yake nikampima kama anavyotupima sisi magauni. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, inchi 16. Meza, inchi 30. Tukachukua kiti cha mezani cha kulia chakula, tukamwongezea khanga zilizokunjwa mojamoja, mpaka viwiko vikalikaribia bamba la cherehani na miguu bado inakanyaga vizuri. Ilisimama kwenye inchi 16 na nusu. Kisha nikaweka vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya kiti, vya inchi moja, ili kiinamie mbele kidogo. Kiuno chake kilijinyoosha chenyewe! Taulo nikalikunja, nikalipachika pale kwenye shimo la mgongo juu ya mkanda wa kanga. Akashona suruali nzima, miguu yote miwili, na mkono haukwenda kiunoni hata mara moja. Aliponyanyua uso akaniuliza, "Tayari?"

Lakini vipande vile vya mbao vinateleza, siwezi kumwachia. Nataka kiti cha kweli. Ndiyo sababu ya barua: fundi wako wa huko Pemba aliyekutengenezea kile cha kusukia, mfano wake ndio ninaoutaka. Mwambie hivi. Miguu minne, bila magurudumu na bila mikono. Kikao juu inchi 17 na nusu nyuma, 16 na nusu mbele, na hapo mto umeshahesabiwa, asiuongeze juu yake. Kina cha kikao kisizidi inchi 15: akikaa mpaka nyuma, vidole vitatu vipite kati ya ukingo na goti. Ukingo wa mbele aupige randa uwe mviringo, paja lisibanwe anapopiga pedeli. Egemeo liwe fupi na pana, limguse kiunoni, mabega yawe huru. Mbao iwe ya mfenesi akiwa nayo. Na asikipake vanishi ya kuteleza kwenye kikao, kwa kuwa kimeinama.

Mto nitaushona mwenyewe. Wifi yangu wa Jambiani ameniahidi usumba, ule wa makumbi yaliyofukiwa pwani miezi na kupondwa vizuri. Sufi ilinijia akilini, lakini sufi hulala na kufanya mabonge. Usumba mgumu kidogo, haumzamishi, na unapitisha hewa. Joto hili la kaskazi na ngozi ya plastiki kwenye makalio, hapana.

Jambo jengine ambalo kiti hakiliponyi: akishona alikuwa amelipa dirisha mgongo. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinaanguka kwenye sindano, ndiyo maana akizidi kuinama. Tumeigeuza cherehani. Miwani pia tumebadilisha. Na kila nusu saa mjukuu anamwita aende kutazama maji jikoni, maji yawepo yasiwepo. Hilo limesaidia kuliko nilivyodhani.

Ungemwambia apumzike moja kwa moja? Halima wetu amesema hivyo, nikamjibu vibaya na sijamwomba radhi bado. Yule mama ametulea kwa sindano ile. Shaabani imeingia, nguo za Sikukuu zinamiminika, na akimkatalia mtu mmoja tu usiku halali. Simtoi kwenye cherehani. Ninachotaka ni akae asiumie.

Sasa nijibu, tafadhali. Fundi bado yupo Wete au kahamia Chake? Ataichukua kazi kabla ya Ramadhani, na atataka kiasi gani mkononi? Vipimo avisome mwenyewe au umsomee? Kikimalizika, nani atakipakia kwenye boti ya Mkoani, kaka yako yule bado anafanya safari? Wewe mwenyewe kiti chako hakijaanza kulia kwenye viungo? Mgongo wako je, baada ya uzazi ule? Na hivi kweli Bikombo amerudi kwa mumewe, au ni maneno ya watu?

Futi ya Mama Mdogo nimeitia ndani ya bahasha. Ana nyengine. Fundi apimie hiyo hiyo, inchi zisije zikatofautiana.

Mimi shogayo,
Mwanaasha