Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi mnaosomea umeme na mitambo

Wanangu, salamu. Mzee wenu nimefanya kazi kwenye mitambo ya umeme mpaka nimestaafu, na nawasoma humu kila siku mnavyogombana gesi yetu, gesi yetu. Sawa, hasira naielewa, 2013 Mtwara watu walipoteza maisha kwa sababu ya lile bomba la kupeleka gesi Dar, siwezi kuwaambia msahau. Ila kuna swali silioni mtu akiuliza, gesi ikishafika Dar inachomwaje?

Maana tabaini ya gesi ni ndugu yake injini ya ndege, inavuta hewa inaibana, gesi inaingia inawaka, joto linapita digrii 1,000, ile nguvu inasukuma mapanga, shafti inazungusha jenereta, umeme huo. Sasa moshi ukitoka pale bado una digrii 500 na kitu, na kama dohani inaelekea juu tu basi karibu theluthi mbili ya joto mnalogombania imeenda kupasha mawingu (na bado hatujaongelea hewa ukaa). Kinyerezi I, mtambo wa umeme wa gesi pale Dar, ilijengwa hivyo, megawati 150. Kinyerezi II iliyozinduliwa 2018, megawati 240 hivi, moshi wake unapitishwa kwenye boila, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabaini nyingine, yaani gesi ileile inatoa umeme kwa awamu mbili!

Mtasema mzee siku hizi kuna umeme wa maji wa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, gesi ya nini. Nyie 2006 wengi mlikuwa mnanyonya, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka nchi ikaingia mgao, tukahangaika na majenereta ya dharura. Mvua haina mkataba na mtu. Na gesi ya Songosongo, kisiwa cha huko kwenu Lindi, iligunduliwa 1974 ikakaa chini miaka 30, mpaka 2004 ndo ikaanza kuchomwa Ubungo, na ikiisha haioti tena kama muhogo.

Kwa hiyo ukiomba field usikimbilie ofisi yenye kiyoyozi, omba upande wa boila na mvuke, kelele na jasho utazoea. Na siku mbunge au mkubwa yeyote wa umeme akija kwenye mkutano, msimuulize tu gesi inaenda wapi, muulizeni mtambo mpya una boila au dohani tupu. Akiwajibu kwa kutaja megawati, rudieni swali.