Barua ya wazi kwa shemeji yangu: Bobo Holloman hakubahatisha

Shemeji,

Huku hatujambo. Uliposema Bobo Holloman, yule mrushaji wa besiboli, "alibahatisha tu", nilinyamaza kwa heshima, maana wakwe walikuwepo. Leo nakujibu hadharani.

Usiku wa tarehe 6 Mei 1953, mjini St. Louis, mvua ikinyesha, Holloman alipangwa kuanza mechi kwa mara ya kwanza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Timu yake, Browns, ilikuwa hoi; watazamaji waliofika ni 2,473 tu. Akarusha zamu zote tisa, na hakuna mpigaji hata mmoja wa wapinzani, Philadelphia Athletics, aliyepata hiti, yaani kupiga mpira na kufika kituoni salama kwa pigo lake. Browns wakashinda 6-0. Kwa wasioufuata mchezo huu: mrushaji hodari anaweza kustaafu bila kuiona siku kama hiyo.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Watu watano aliwapa kituo cha kwanza bure kwa kurusha nje ya shabaha, na wenzake waliokoa mipira iliyopigwa kwa nguvu. Lakini mbona husemi kwamba usiku huohuo alishika gongo mwenyewe, akapiga hiti mbili na kuingiza pointi tatu? Ndizo hiti pekee alizowahi kupata ligi kuu! Na nafasi ile hakuokota. Alikuwa anatumika kama mrushaji wa akiba, akamng'ang'ania kocha wake, Marty Marion, ampange tangu mwanzo. Umri ulishafika miaka 30, na ligi ndogo alikuwa amezisotea vya kutosha.

Kilichofuata ndiyo fimbo yako ya kila siku. Hakumaliza tena mechi yoyote aliyoianza. Msimu wake ulisoma ushindi mara 3, kushindwa mara 7. Julai akauzwa Toronto, kwenye ligi ndogo, na ligi kuu hakurudi hadi anafariki mwaka 1987. (Browns nao hawakudumu: msimu ulipoisha wakahamia Baltimore.)

Ninachokataa ni hesabu yako, kwamba Julai inaifuta Mei. Wapigaji wale hawakuwa wakicheza na Holloman wa Julai. Walisimama mbele ya huyu wa Mei, wakashindwa.

Halafu ilipita miaka 68 kabla mrushaji mwingine, Tyler Gilbert wa Arizona, kumaliza bila kuruhusu hiti katika mechi yake ya kwanza kuanza, Agosti 2021. Kama ni kubahatisha tu, shemeji, wote wale wa katikati walikosa nini?