Kwa mzee wa pikapu nyekundu: ahsante sana

Mzee wangu, Kiswahili hukijui, lakini shukrani za kweli mimi hunitoka kwa lugha hii.

Jumamosi ile nilikuwa nimekwama katikati ya ekari tatu za nyasi, huku mashambani Iowa, Marekani, nimekalia mashine ya kukatia niliyoinunua mkononi. Injini inanguruma, visu vimegoma. Mvua za Mei zilinyesha wiki nzima na nyasi zilinifika magotini. Kwetu Moshi ningemwita kijana na fyekeo lake. Huku hata paa la jirani silioni.

Ukasimamisha gari, ukashuka bila kuitwa. Kabla ya kugusa chochote ulizima injini, ukachomoa waya wa plagi ili injini isiwake ghafla, kisha ukaniinulia kidole chako cha shahada, kilichobaki nusu. Nilielewa.

Ukalala chali, ukatoa bonge la nyasi mbichi lililoshikana kama kisamvu kilichotwangwa. Mkanda unaozungusha visu ulikuwa umechomoka kwenye puli, gurudumu lake. Ukaurudisha, ukapandisha visu juu kabisa: leo tukate vichwa tu, tushushe baada ya siku chache. Na pale penye mteremko karibu na mtaro nipande na kushuka wima, nisipite kwa ubavu, mashine isije ikanibirukia.

Pesa ulikataa. Chapati mbili ulizipokea, moja ukaila ukiendesha.

Spana yako ya nusu inchi uliisahau nyasini. Nimeipangusa, iko dirishani jikoni. Pita uichukue, chai ipo.